Baiskeli Moja ya Idara ya Afya

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali zamani ya juzi tu, surua iliingia kijiji cha Kwebuyu. Watoto wakatoka vipele, wakawaka homa. Wiki moja haijaisha, wawili wakazikwa.

Semboja, bwana afya wa serikali, akavuka milima miwili kwa miguu hadi idara ya afya wilayani kuomba chanjo. Karani akamwambia, "Jaza fomu." Akajaza. "Hii ni ya kichaa cha mbwa. Jaza nyingine." Akajaza. "Mkubwa yuko semina." Semboja akakaa kwenye benchi siku tatu, mpaka mfagiaji akawa anamfagia na yeye. Siku ya nne akapewa chanjo ya kutosha kijiji kizima, ndani ya kasha la baridi la siku moja.

Kufika zahanati, friji imekufa! Na chanjo bila baridi ni maji tu. Kijijini barafu ilikuwa kwa mtu mmoja, Mbaruku, muuza barafu za ukwaju. Na wiki iliyopita Semboja huyo huyo alizimwaga barafu zake zote mbele ya wanafunzi, kwa kuwa alizitengeneza kwa maji ya bwawa. Akaenda hivyo hivyo.

"Shikamoo, mzee Mbaruku."

"Marahaba. Leo umekuja kumwaga nini?"

"Nimekuja kuomba barafu."

Mbaruku akacheka mpaka akashika mlango. "Zile chafu?"

"Zile zile. Hatuzili, tunazungushia chupa za chanjo."

Kesho yake ilikuwa Idi, siku ambayo Mbaruku huuza kuliko mwezi mzima. Akasikia mtoto wa jirani akikohoa. Akafungua jokofu. "Beba zote, upesi, kabla akili hazijanirudia."

Asubuhi Semboja akapiga filimbi. Hakuja mtu. Akaeleza mlango kwa mlango mpaka sauti ikakauka. Akina mama wakajifungia ndani, wanaogopa sindano ya serikali. Barafu nayo inayeyuka, tone kwa tone, na Semboja anatazama.

Ndipo akatokea Bi Mwantumu, msusi, mwenye sauti ya kuamsha kijiji cha pili. "Jamani! Serikali inagawa kanga! Kila mama na mtoto wake, doti moja moja!"

Chai haijachemka, foleni imeizunguka zahanati. Semboja akafungua kinywa aseme kweli, akatazama barafu, akakifunga. Akachanja mtoto wa kwanza, akachanja wa mwisho. Kisha wakauliza, "Kanga ziko wapi?" Bi Mwantumu alikwishapita dirishani, kiatu kimoja tu mguuni.

Kwebuyu haikuzika tena mtoto kwa surua.

Mwezi uliofuata idara ikaleta baiskeli mpya ya zawadi na fomu yenye mstari mmoja: "Jina la aliyeokoa kijiji. Mtu mmoja tu." Semboja akashika kalamu. Moyo ukamnong'oneza: andika lako. Mkono ukaanza kuandika "Se..."

"Weka kalamu chini!" Mbaruku, aliyesimama nyuma yake pamoja na Bi Mwantumu, akadakia. "Wewe unalipwa mshahara kwa kazi hiyo. Mimi Idi yangu iliyeyuka, nikampa mtu aliyenimwagia mali."

"Barafu yako ingelinda chupa mpaka kiama," akasema Bi Mwantumu. "Watoto wangeletwa na nani? Mimi ndiye niliyewatoa ndani, na nikatukanwa."

"Ulidanganya, dada yangu," Semboja akasema. "Jana nilitangaza vyandarua vya bure. Hakuja hata mbuzi! Wanasema idara ni waongo."

"Bora waikatae neti wakiwa hai."

"Na bila miguu yangu na lile benchi, mngewachanja nini? Ukwaju?"

Wakabishana mpaka dereva wa idara akapiga honi: fomu inatakiwa, safari ni ndefu. Semboja akawatazama wenzake, akalitazama lile "Se" lake, na mara hii hakujua kama anaona haya au anaona haki.

Haya, mlionisikiliza, kalamu nawapa nyinyi. Aliyeileta chanjo, aliyeitunza, au aliyeileta mikono ya kuchanjwa: je, nani alistahili baiskeli?