Famau na Ukuta Usioonekana Mwisho

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa, sogeeni karibu!
Pakawa, tumeshasogea, tupe!

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, palikuwa na mtaa mkongwe katikati ya mji wa mawe. Nyumba zake zilibanana bega kwa bega. Ukipiga chafya nyumba hii, unaombewa rehema nyumba ya tatu.

Mtaani humo aliishi Famau, mshona kofia, na mkewe na watoto wao wadogo. Nyumba aliirithi kwa baba yake. Paa lake lilikuwa la chokaa iliyopigwa ikashikamana, nalo lilikuwa limepasuka. Mvua ikinyesha, to! to! to! Hapa bakuli, pale sufuria, kule beseni. Watoto wakilala wanaloa, wakiamka wanakohoa.

Masika yakakaribia. Famau akakosa usingizi.

"Basi," akasema. "Naivunja. Nitajenga kibanda cha makuti. Nyumba ni yangu."

Asubuhi akashika mtarimbo. Gu!

Jirani wa kulia akatoa kichwa dirishani. "We Famau! Vikombe vyangu!"

Gu!

Jirani wa kushoto akatoa kichwa. "We Famau! Nanywa uji au nanywa chokaa?"

Gu!

Jirani wa nyuma akatoka mbio, kajifunga shuka, povu limemjaa kichwani. "Famau, una wazimu? Dari nusura inifunike nikioga!"

"Navunja changu!"

"Vunja kichwa chako!"

Ndipo akaja Bi Mwanatumu, mkubwa wao wote, na mkongojo wake, tika, tika, tika. Kelele zikazima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unavunja?"

"Navunja, bibi. Changu."

"Vunja. Ila nionyeshe kwanza, ukuta wako unaishia wapi na wa jirani unaanzia wapi?"

Famau akatazama. Boriti zake zililala ndani ya ukuta wa jirani. Boriti za jirani zililala ndani ya ukuta wake. Na za yule kwa mwingine, hivyo hivyo, mpaka mwisho wa mtaa. Wazee walijenga kwa kuombana: niegemeze kwako, nawe uegemeze kwangu. Akiutoa wake, mtaa mzima utalala chini. Akaulaza mtarimbo chini.

"Siuoni mwisho wake, bibi," akasema, machozi yakimlengalenga. "Lakini wanangu wanaloa."

Majirani wakacheka. "Kashindwa!"

Bi Mwanatumu akawageukia.

"Paa hili lilipigwa lini mara ya mwisho?"

"Enzi za marehemu baba yake."

"Na nani?"

"Na sisi, bibi. Mtaa mzima, kwa ngoma na nyimbo."

"Na baba yake alipokufa?"

"Hatukupanda tena, bibi."

"Mtu mmoja hapigi paa," akasema Bi Mwanatumu. "Chokaa hukauka kabla hajafika katikati. Mnataka ukuta wake uwabebe, na paa lake hamtaki kulijua?"

Jirani wa nyuma akajifuta povu. "Ngojeni nijimwagie maji," akasema. "Chokaa nitaleta mimi."

Wakapanda juu, wake kwa waume. Pwa! Pwa! Pwa! Wakaimba, wakapiga. Bi Mwanatumu akawekewa kiti huko huko juu, akanyoosha mkongojo: "Pale bado! Pale mmepapasa, hamjapiga!" Famau alipiga kuliko wote, akicheka na huku analia.

Masika yakaja, yakamwaga. Watoto wa Famau wakalala wakavu.

Tangu mwaka ule mtaa ukaweka ada: kabla ya masika, mapaa yote hupigwa, na huanzwa la yule asiyeweza. Bi Mwanatumu alikwenda zake mbele ya haki, lakini mtaa wake haukuanguka.

Wanangu, nyumba kongwe haiangushwi na mvua. Huanguka siku jirani anapoacha kupanda paa la jirani yake.

Na hapo ngano yangu imefika kituoni. Aliyeipenda aibebe, akamsimulie mwenziwe.