Kiini Bila Nyutroni

Ndugu zangu, nitulizieni hao watoto kidogo, niwape habari za mwalimu mmoja wa fizikia.

Huyu mwalimu wiki nzima alikuwa tumbo joto. Shule yake imealikwa kwenye maonyesho ya sayansi ya wilaya, na mshindi anajengewa maabara. Wanafunzi wake sayansi waliijua ya ubaoni tu, hata sumaku hawajawahi kuishika. Akajiapiza kwamba safari hii lazima ashinde.

Akaunda kiini cha atomu ya kaboni. Protoni sita akazitengeneza kwa sumaku za redio mbovu, akazipaka rangi nyekundu, akazigeuza ncha zisukumane. Mnazijua protoni? Zote zina chaji ya aina moja, kwa hiyo zinasukumana, hakuna inayomtaka mwenzake. Nyutroni sita, zisizo na chaji, akazifinyanga kwa udongo, akazipaka ulimbo wa fenesi unaonata, akazipachika katikati ya zile sumaku. Kiini kikatulia tuli.

Asubuhi ya maonyesho akakitazama tena. Lo, mbona kichafu hivi? Waamuzi watasemaje?

“Hizi za udongo zitaniaibisha,” akamwambia mama mtunza vifaa. “Hazina chaji, hazisukumi wala hazivuti sumaku. Natoa nne, nyekundu zionekane.”

“Ziache, mwalimu wangu,” mama akamsihi. “Si kimetulia?”

“Wewe shika funguo zako, mama. Fizikia niachie mimi.”

Akatoa nne. Sumaku na nyutroni mbili zilizobaki akazibana kwa viganja, akazishindilia ndani ya boksi.

Mbele ya waamuzi akakitoa. Paa! Sumaku huku, sumaku kule, nyingine chini ya meza. Mwamuzi mmoja akaiokota. “Mwalimu, nyutroni za kukishikilia kiini ziko wapi?”

Miaka kumi na miwili alikuwa akiandika ubaoni, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba nyutroni zinasaidia kukishika kiini, na kwamba nguvu ya kushikana haifanyi kazi mpaka zikae karibu kabisa. Maabara ikaenda shule nyingine.

Mnacheka? Haya, chekeni. Sisi humu kanisani mwaka jana tuliwaondoa wale akina mama wa benchi la nyuma ili kinanda kipate nafasi. Hawaimbi kwaya, hawagombei uongozi, kwenye vikao kimya. Tukaona hakuna kilichopungua. Kumbe tukinuniana hapa, wao ndio waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba, wakitukalisha pamoja mpaka tunasalimiana. Tangu waache kuja, ni kikao gani cha wazee kimekwisha bila kelele?

Na leo karatasi za kura ya kuligawa kanisa hizo hapo mezani. Naogopa, ndugu zangu, sifichi. Kabla mtu hajachukua karatasi, naomba asimame mmoja atupeleke kwa yeyote kati ya wale mama.

Mbona mnaangaliana? Hakuna anayejua wanakoishi? Hata mimi mchungaji wenu, nyumba zao siijui hata moja.