Yai Kinywani mwa Tarishi

Sogeeni, wanangu, ngano imebisha hodi.

Mjane mmoja, Sichana, alikuwa na bustani ya mchicha na mbwa aitwaye Tarishi. Tarishi alimfukuza kila ndege aliyetua, hata wote wakahama. Viwavi wakaivamia bustani, Sichana na binti yake wakalala njaa.

Sichana akaenda msituni na mbwa wake kuwaomba ndege radhi. Tetere mzee akamwambia, "Mama, mbwa wako na abebe yai hili kinywani mpaka kwako. Likivunjika, haturudi tena."

Wakashika njia. Sungura akawapita mbio, Tarishi akatetemeka, yai likatulia. Wakakuta mfupa wenye nyama, udenda ukamtoka, yai likatulia. Mbwa wa jirani wakambwekea, yai likatulia. Sichana alitembea kando yake akinong'ona, "Taratibu, baba, taratibu."

Mlangoni yai likapasuka lenyewe. Kinda akachungulia katikati ya meno, akaimba, na anga nzima ikajaa mbawa. Ndege wakashuka wakala viwavi, mchicha ukachipua.

Yule kinda alipokua hakutaka mti. Alijenga kiota mgongoni mwa Tarishi, naye Tarishi akazoea kulala bila kujigeuza.

Ngano imetua hapo, nanyi tulieni.