Bi Zamoyoni na Simu Iliyomuuliza Hali

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na masultani, ni hii zamani ya juzijuzi ambapo simu zilikwisha kujifunza kusema, palikuwa na mwanamke upande wa Muheza aitwaye Bi Zamoyoni. Kaeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza swali, na anayesinzia sasa ndiye nitakayeanza naye.

Bi Zamoyoni alisifika kwa vigelegele. Harusi ambayo hakuipigia kigelegele, watu walitoka wakiulizana kama ndoa imefungwa kweli. Basi binti yake Hidaya akahamia Songea na mumewe, mama akabaki peke yake, na kidogo kidogo hamu ikamwisha. Chai anapika, hanywi. Nywele anafumua, hasuki. Akialikwa harusini, anasema kichwa kinamgonga. Hakufiwa, hakushikwa na homa. Alikuwa tu na huzuni isiyotaka kuondoka, na aliionea haya.

Aliyeiona huzuni hiyo ni Havijawa, binti wa kaka yake, mfanyakazi wa ofisi Dodoma, alipokuja kula Idi. Akampeleka hospitali. Daktari akasema, "Ni sonona, ila nyepesi. Asijifungie ndani, na arudi nimwone." Havijawa akamwekea kwenye simu programu iitwayo Changamka.

"Shangazi, kila asubuhi itakuuliza hali. Wewe uijibu, nayo itakuelekeza la kufanya."

"Kumbe ina adabu," akasema Bi Zamoyoni. Havijawa akapanda basi, akarudi Dodoma.

Asubuhi simu ikalia. Unajisikiaje leo? Chini yake vikatokea vijisura: kimoja kinacheka, kimoja kimenyamaza, kimoja kimenuna, kimoja kinalia. Sasa jamani, nyinyi mmelelewa. Mtu akikuuliza hali, unaanzaje na kilio?

"Salama, mwanangu, sijui wewe," akajibu Bi Zamoyoni, akabonyeza kinachocheka.

"Hongera! Endelea hivyo hivyo!" ikasema simu, ikanyamaza.

Bi Zamoyoni akabaki ameishika, anangoja. Maana kwetu salama hutangulia na ila hufuata. Salama, ila mbuzi kaibiwa. Salama, ila nyumba imeungua. Simu haikungoja ila yake. Kesho yake ikauliza, akajibu salama, ikampongeza. Keshokutwa ikauliza, akajibu salama, ikampa nyota ya dhahabu kwa furaha yake isiyoyumba, naye kajifunika kanga hadi kichwani, machozi yanamtoka.

Jirani yake aliitwa Siwatu, naye alikuwa mtani wake, mtu ambaye ruhusa ya kumtukana aliirithi. Siku moja akaingia bila hodi, akasikia simu inapongeza, akamtazama mwenzake na nywele zake.

"Inampongeza nani humu ndani?"

"Mimi."

"Wewe! Umejiona lakini? Hata kunguru hakai kwenye nywele hizo. Kwa nini umebonyeza kinachocheka?"

"Nimeulizwa hali, Siwatu. Nikose adabu?"

"Kwani hiki ni mkwe?" Siwatu akaipokonya simu na kubonyeza kijisura kinacholia, kwa nguvu, kama anayeua kunguni.

Simu ikabadilika sauti. "Pole sana. Asante kwa kusema ukweli. Leo tufanye jambo dogo." Bi Zamoyoni akalia kwa kwikwi, maana tangu Hidaya aondoke hakuna aliyemwambia pole. Simu ikamwambia ataje kitu kimoja kitakachompendeza siku hiyo. Akasema, "Siwatu akiondoka." Siwatu akacheka hadi akakaa chini, na hakuondoka.

Tangu siku hiyo Siwatu akawa anakuja kila asubuhi kusimamia kijisura. Siku nyingine kikawa kinacholia, nyingine kilichonuna, na simu ikawa inatoa mazoezi. Hadi asubuhi moja ikasema, "Vuta pumzi polepole." Akavuta. "Sasa izuie." Akaizuia. Simu ikaishiwa chaji, ikazima.

Bi Zamoyoni ni mtu wa kutii. Siwatu, aliyechelewa siku hiyo, alimkuta macho yamemtoka, mashavu yamevimba, anaionyesha simu kwa kidole kwamba haijamruhusu.

"Pumua, mwanamke!" Akamtia kofi la mgongoni, pumzi ikatoka pamoja na matusi. "Haya, nenda kachaji simu yako kabla haijakuua."

Nyumba ile haikuwa na umeme. Alizoea kumpa simu mpita njia amchajie. Siku hiyo alivaa viatu akatoka mwenyewe, hadi kwenye kibanda cha sola cha Mwanamvua, kando ya soko la machungwa.

Waya wa Mwanamvua ulikuwa mbovu. Simu haikuingia chaji mpaka mtu akae aubane kwa kidole. "Kaa hapa, shoga, uubane," akasema Mwanamvua. Bi Zamoyoni akakaa. Huwezi kukaa na watu wanaobana waya kwa zamu usiseme nao. Mmoja akasimulia mumewe anavyokoroma. Mmoja akaeleza anavyopika maandazi, akaeleza vibaya, Bi Zamoyoni akamsahihisha. Kesho yake akarudi. Keshokutwa akarudi, kasuka nywele. Wiki iliyofuata akarudi na simu iliyojaa chaji, akaibania waya hivyo hivyo.

Ilikuwa hapo kibandani Hidaya alipopiga simu kutoka Songea. Kajifungua, mtoto wa kike. Kabla Bi Zamoyoni hajafikiri, kigelegele kikamtoka, kirefu, kikali, mbuzi wakatimka na Mwanamvua akaangusha redio. Alilia kwa furaha mbele ya watu wote wala hakuona haya.

Sasa sikilizeni alipokosea. Alipompigia Havijawa kushukuru, alisema, "Mwanangu, bila wewe ningekuwa wapi? Mjukuu wangu atakuwa somo yako, achukue jina lako." Jioni akamwambia Siwatu, "Mtani, bila wewe ningekuwa wapi? Mjukuu wangu atakuwa somo yako." Na Mwanamvua pia, waya mkononi. Haukuwa uongo. Ilikuwa adabu, ile ile ya kumjibu kila mtu analopenda kusikia.

Mtoto wa kwanza wa Hidaya jina lilitoka kwa upande wa baba. Huyu wa pili ilikuwa zamu ya bibi. Hidaya na mumewe walipopata likizo wakaja, akika, karamu ya kumpa mtoto jina, ikafanywa uani kwa Bi Zamoyoni. Akaja Havijawa, kaleta nguo za somo yake. Akaja Siwatu, kaleta bangili za somo yake. Akaja Mwanamvua, kaleta beseni la kumwogeshea somo yake. Wakatazamana.

Havijawa akasema, "Mnaishi naye jirani, mkaamini kichwa kinamgonga. Mimi ndiye niliyeona. Nikampeleka kwa daktari, nikaweka Changamka. Bila hiyo Siwatu angebonyeza nini, na Mwanamvua angechaji nini?"

Siwatu akasema, "Uliweka, ukapanda basi. Ukaiachia simu imuulize hali badala yako! Ilimpa nyota analia. Mimi ndiye niliyeiambia ukweli."

"Uliishika simu ya mtu bila ruhusa."

"Ningeomba ruhusa, angeniambia yuko salama!"

Mwanamvua akasema, "Wangapi huambiwa na simu watoke nje, wakageuka upande wa pili wakalala? Huyu alitoka, akakaa kwangu, akasema na watu. Kicheko na kigelegele vilirudi kibandani, si kwenye programu."

"Kwa waya mbovu!" akasema Siwatu. "Ungekuwa mzima angekuachia simu akarudi kulala. Nawe hukuwa na nia ya kumponya mtu."

"Nia sikuwa nayo. Kiti nilimpa."

Mkwe akajaribu kusuluhisha. "Mama, basi tumwite Changamka, yaishe."

"Mjukuu wangu si sabuni," akasema Bi Zamoyoni.

Aliwatazama wote watatu, akaogopa. Alijua kila mmoja kasema kweli. Alijua pia kuwa akimtaja mmoja, wawili watatabasamu, watakula pilau, na hawatakanyaga tena uani pake. Nyumba yenye kimya aliijua, na hakutaka kurudi humo. Akamwomba Hidaya amchagulie, Hidaya akasema, "Mama, angalau mara hii sema lililo moyoni mwako."

Sheikh aliyealikwa kulitangaza jina akainama, akatega sikio. Mtoto analia njaa, pilau inapoa, wanawake watatu wamenyoosha shingo.

Sasa ninyi. Yuko aliyeiona huzuni akaondoka, yuko aliyeisema kweli kwa kupokonya, yuko aliyempa kiti bila kujua anampa nini. Jina ni moja. Wewe ungemnong'oneza sheikh jina la nani?