Aliyeacha Kisima Wazi

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika kijiji kimoja cha Yemeni mdomo wa kisima ulikuwa sawa na ardhi, na ada ya watu ilikuwa atekaye mwisho akifunike kwa ubao. Jioni moja ya vumbi jingi, mja mmoja mcha Mungu aitwaye Hamdun aliteka mwisho. Akasikia adhana ya magharibi, akakimbia asiikose safu ya kwanza, kisima akakiacha wazi. Sisi wapenzi wa safu ya kwanza tusikilize vizuri hapo. Nyuma yake akaja Wahb, aliyetumwa maji na mkewe Safura, akatumbukia, akafa. Mola amrehemu.

Asubuhi watu walipouinua ule ubao ulikatika vipande; kumbe ulikwisha kuoza. Wakasema, "Hata kingefunikwa, angetumbukia tu." Hakuna aliyeuliza nani aliteka mwisho. Hamdun akashusha pumzi, akanyamaza.

Lakini mama wa marehemu alimwambia mkwewe, "Usingemtuma, mwanangu angekuwa hai. Eda yako ikiisha, utoke nyumbani kwangu." Safura, maskini, aliyasadiki hayo. Kutwa alilia, "Laiti nisingemtuma!"

Kilio kile kilimwondolea Hamdun ladha ya swala. Akamwendea kadhi, akamweleza yote, kisha akasema, "Lakini ubao ulikuwa umeoza, ewe Sheikh. Je, nina lawama?"

"Wahb aliukanyaga ubao?"

"La."

"Alikanyaga nini?"

Hamdun akainama. "Pale nilipopaacha wazi."

"Basi kosa la ubao halikupata nafasi, mwanangu. Lako lilipata."

"Na mjane? Asingemtuma, angekuwa hai."

"Ni kweli. Ila yeye alimtuma mumewe kwenye kisima ambacho siku zote hufunikwa. Kosa lake li wapi?"

Hamdun akaenda moja kwa moja kwa mama wa Wahb, akakiri mbele ya wanawake wote wawili, akasema yu tayari kwa hukumu yoyote. Safura akauliza:

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, dada yangu. Ni mimi."

Safura akaangua kilio, na mama mkwe, naye akilia, akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Hapa ni kwako."

Ndugu yangu, neno "lau" ni jepesi ulimini. Siku litakapokuvua lawama, kabla hujashukuru, tazama limekwenda kumvika nani.