Kwa Nini Mbege Hunywewa kwa Kata Moja

Mnaona tunavyopokezana kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, huku mlimani, nanyi mnadhani imekuwa hivi siku zote. Haikuwa hivyo. Enzi zile kila mwanamume alikuwa na chungu chake mwenyewe, akikikalia tangu asubuhi, wala hakuna aliyemuuliza mwenzake amefikia wapi. Ndizi zilijaa, ulezi ulijaa, na maji ya mfereji yalishuka kutoka msituni mwaka mzima.

Mlinzi wa mfereji huo aliitwa Lyatuu. Kabla ya kufika mashambani, maji yalipita ndani ya mwamba uliokuwa na upenyo mmoja tu wa kuingilia. Baba yake Lyatuu alikuwa amemwonyesha humo ndani, kwa kupapasa gizani, jiwe lipi huvutwa mfereji ukiziba na lipi halisogezwi. Mtu mwingine angevuta lisilo lake, na mwamba ungemshukia.

Miaka mingi ikapita bila mfereji kuziba. Lyatuu akanenepa polepole mpaka shingo ikapotea, naye akaona ni neema, maana watu walimsifu kwamba ameshiba.

Kisha, kiangazi kimoja, maji yakakatika. Lyatuu alipanda hadi kwenye mwamba, akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akakwama tumboni. Wanaume wanne walimvuta miguu ndipo akatoka. Hakuna aliyecheka. Chini yao migomba ilikuwa imeanza kukunja majani, na wanawake walikuwa wakiteka maji bondeni, mwendo wa nusu siku.

Akaapa kutoonja mbege tena. Siku tisa alijifungia nyumbani, mbali na wenzake, akimkasirikia kila aliyepita. Siku ya kumi mkewe, Manka, alimkuta nyuma ya zizi, na chungu kizima kitupu miguuni pake.

"Nimeshindwa, mama Ndesario," alisema bila kuinua uso. "Migomba itakufa kwa sababu ya tumbo langu."

Manka akaketi kando yake. "Kilichokushinda ni upweke, baba Ndesario. Kesho panda mpaka kwenye mwamba, urudi. Ukirudi, kula mboga zako kwanza, ndipo nikupe mbege. Kata moja, uinywe na wenzako wanne waliokuvuta."

"Kata moja, watu watano?"

"Wakija sita ni vizuri zaidi."

Siku ya kwanza alipumzika mara nane njiani na kurudi jua likizama. Wenzake walimwona, wakaona na matumbo yao wenyewe, na kesho yake wakapanda naye, wakiondoa majani na udongo katika mfereji mkavu. Jioni kata ilizunguka, kila mtu funda moja, kisha angoje hadi imrudie. Mwanzoni Lyatuu aliihesabu midomo ya wenzake kwa uchungu. Lakini katika kungoja kule watu walizungumza, na mara nyingine kata ilimrudia kabla hajaikumbuka.

Alijaribu upenyo kila mwezi ulipoandama. Mara ya kwanza tumbo lilikataa. Mara ya pili lilikataa pia, ingawa safari hii alijitoa mwenyewe. Migomba ya upande wa chini ilikuwa imekufa, na ile iliyosalia wanawake waliinywesha kwa vibuyu. Mara ya tatu alitoa pumzi yote kifuani, akasukuma, akaacha ngozi ya mbavu kwenye jiwe, akapita.

Humo gizani mikono yake ilikumbuka. Alilipata jiwe, akalivuta, na maji yakamtoa nje yakimbingirisha kama gogo. Manka, aliyekuwa shambani, aliyasikia kabla ya kuyaona. Akaweka kibuyu chini, akalia.

Jioni hiyo watu walimletea Lyatuu chungu kizima kuwa shukrani. Akachota kata moja, akanywa funda lake, akampa aliyeketi kuume kwake.

Na tangu siku hiyo, huku mlimani mbege haionjwi kabla ya kazi wala kabla ya chakula, na chungu si cha mtu mmoja. Kata huzunguka. Ukimwona mtu ameishikilia mno, usimgombeze. Mwulize tu habari za mfereji, naye ataipitisha.