Siku Nyigu Alipolala Njiani

Chenye wenzake hakilali njiani. Leo mmemsikia fundi akisema hivyo, mkacheka, halafu mmekuja kuniuliza mimi maana yake na nani aliyeanza kuisema. Na wewe Lusajo bado umeishika simu, unaitazama picha ya ile pikipiki unayotaka kuinunua. Haya, iweke chini kidogo. Chanzo cha methali hii nilikiona kwa macho yangu, pale njia panda chini ya mashamba ya chai, nilipokuwa nikichoma ndizi na kuuza.

Kulikuwa na mwendesha bodaboda aliyeitwa Gwakisa, mume wa Tusekile. Walikuwa na mtoto mmoja, Atu, ndiyo kwanza anaota meno. Pikipiki ya Gwakisa ilikuwa ya kawaida, kama za wenzake wote pale kijiweni. Injini ileile, waya uleule wa klachi, hata mlio uleule. Tusekile alikuwa akisikia pikipiki anatoka mlangoni na mtoto, "Baba huyoo!", kumbe anapita mume wa mwingine.

Mwaka huo alikuwepo mhandisi mgeni aliyekuja kujenga daraja. Alikuwa na pikipiki ya mbio kutoka kwao ng'ambo, ya njano, kiuno chembamba cheusi. Tukaiita Nyigu. Ilipopita, kuku walikimbilia ndani na watu wazima wakatoka nje.

Daraja lilipokwisha, mhandisi akatangaza kwamba Jumamosi anaondoka, na Nyigu anauzwa kwa bei rahisi. Gwakisa akaenda mbio. Mhandisi alikuwa mtu mkweli, hakumficha.

"Kiwanda kinachoitengeneza kinayumba," alimwambia. "Wengine wanasema kitafungwa. Wengine wanasema kuna tajiri atakinunua. Mimi sijui, ndiyo maana nauza rahisi."

Tangu siku hiyo Gwakisa hakutulia. Akikaa, anasimama. Abiria wakimwita, wanachukuliwa na mwingine. Nyumbani ndizi zinapoa kwenye sahani yeye anatazama ukuta. Ili ampate Nyigu ilibidi auze pikipiki yake pamoja na ng'ombe wao wa maziwa, naye alikuwa ni huyo mmoja tu. Mnunuzi wa ng'ombe alikwisha kuja, akamzunguka, akasema atarudi Ijumaa na kamba.

"Baba Atu," Tusekile akamwuliza, "hicho kiwanda kikifungwa?"

"Kikifungwa, itakuwa adimu. Kitu adimu hupanda bei."

"Na kisipofungwa?"

"Basi spea zitakuja."

"Mwe! Kwa hiyo vyovyote iwavyo unapata wewe." Tusekile akacheka. "Na Atu anywe nini wakati tunasubiri hiyo bei ipande?"

 Gwakisa akatoka kumtazama ng'ombe, akarudi, akatoka tena.

Tusekile hakumkatalia. Aliniambia mwenyewe kwamba hajawahi kumwona mume wake akitaka kitu namna ile, na huruma ikamshika. Akamwambia tu, "Kaiombe uijaribu kwanza. Si pale kwenye lami ya daraja. Ijaribu kwenye njia zetu."

Alhamisi mhandisi akampa ufunguo. Nawaambia, Gwakisa alipopita mbele ya jiko langu sikumtambua. Nilisikia upepo, nikaona majivu ya ndizi yananirukia usoni. Akapanda mlima wa chai, na muda si mrefu mvua ikaanza.

Pale kwenye kona yenye utelezi mbuzi akakatiza. Gwakisa akashika breki, Nyigu akalala ubavu taratibu kama mtu anayetafuta usingizi. Mwenyewe hakuumia. Lakini mkono wa klachi ulikatika, na kikopo cha mafuta kilichokuwa kimeshikana nao kikapasuka. Bila vitu hivyo Nyigu hapandi mlima.

Sasa ninyi mnajua desturi ya bodaboda wa kwetu. Hapiti mtu akamwacha mwenzake aliyeharibikiwa. Wa kwanza akasimama, akafungua chini ya kiti, akatoa waya wa klachi. Wa pili akatoa mkono mzima, mpya kabisa. Mwingine akaleta nati na plagi, ambayo hata haikuhitajika, ila hakutaka aonekane mchoyo. Wakatandika gunia barabarani, kila mtu akaweka chake. Mimi nikapanda na ndizi zangu, maana palipokuwa na watu ndipo palipokuwa na soko.

Wakajaribu hiki, hakikuingia. Wakajaribu kile, kikapwaya.

"Waya unaingilia wapi?" akauliza mmoja, amepiga magoti kwenye tope.

"Haina waya," Gwakisa akasema. "Inatumia mafuta."

"Mafuta! Klachi inakaanga chapati?"

Wakacheka wote, na Gwakisa akacheka. Gunia limejaa vitu, na wenye vitu wamesimama kwenye mvua kwa ajili yake, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumsaidia.

Ndipo akapanda Asangwile, mtani wa kijiwe kizima, na pikipiki yake kuukuu iliyofungwa taa kwa mpira. Nyuma amempakia mama mwenye tenga la kuku. Kabla hajatufikia, tap! Waya wake wa klachi ukakatika.

"Na wewe tena?" wakamwuliza.

"Nimekuja kumpa pole Gwakisa, pikipiki yangu ikaona nayo ifiwe."

Akainama kwenye gunia, akachukua waya. Mmoja akamshikia taa, mwingine akakaza nati. Yule mama hata hakuteremsha tenga kichwani.

"Haya twende, mwanangu, kuku wangu wanalowa," akasema.

Asangwile akapiga kiki, moshi ukatoka. Akageuka, akapaza sauti:

"Kaka Gwakisa! Yangu mbaya, lakini ina wenzake. Chenye wenzake hakilali njiani!"

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Gwakisa peke yake hakucheka. Alibaki akilitazama gunia.

Nyigu akarudishwa kwa mhandisi kwa lori la chai. Mhandisi hakukasirika. Akafungua sanduku lake, akatoa mkono wa klachi pamoja na kikopo chake, akavifunga mwenyewe.

"Hii ndiyo spea yangu ya mwisho," akasema. "Nimewaandikia kiwandani tangu masika yaliyopita. Hawajibu. Bado unaitaka?"

Gwakisa akashika usukani, akauachia, akaushika tena.

"Naomba nimpakie mke wangu mara moja tu."

Atu akabaki mgongoni kwangu. Wakaenda mpaka lami inapoishia, wakarudi. Kitambaa cha Tusekile kilipeperuka hukohuko, machozi ya upepo yanamtoka, anacheka kama msichana. Gwakisa akazima, akamkabidhi mhandisi ufunguo, akasema, "Ndaga," yaani asante, akaenda nyuma ya nyumba. Alilia? Sijui. Mwanamume akienda nyuma ya nyumba, mwacheni.

Ijumaa mnunuzi alikuja na kamba yake, akaondoka nayo mikononi. Jumamosi Nyigu akaondoka na mhandisi.

Mpaka leo sijui kiwanda kile kilifungwa au kilipata mwenyewe. Pengine tajiri alikinunua na spea zimejaa huko mijini. Pengine Gwakisa aliikosa bahati yake, na najua alikuwa akiiwaza, maana kila pikipiki ngeni ikipita barabarani aliacha kuongea. Lakini hakuna aliyemsikia akijuta.

Nini, Lusajo? Eti usinunue? Sijasema hivyo, mwanangu. Wewe ni kijana, na moyo wa kijana lazima utake kitu. Ila kabla hujauliza inakimbia kiasi gani, kaa barabarani kutwa nzima utazame zinapita ngapi za aina yake. Uwatazame pia watakaosimama siku utakayoanguka, ujiulize kama watakuwa na cha kukupa zaidi ya pole.

Watakuja tu, hao hawakosi. Lakini chenye wenzake ndicho kisicholala njiani.